Kindu: kidonge ni cha kweli? Umeme mdogo unaweza kujibu

Mtu anayenunua vidonge sokoni Kindu, ama katika duka la dawa huko Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, anaangalia jina, tarehe na bei. Kilichomo ndani hakionekani kwa macho.

Ndugu zetu wa Ituri walikiona cha moto. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, zaidi ya watu 1.000 walilazwa huko, shingo zimekakamaa, nyuso zimepinda. Waganga walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Watu 11 walikufa. Kumbe wagonjwa walikuwa wamemeza vidonge vya manjano vilivyouzwa kwa jina la diazepam, na ndani yake kulikuwa na haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilifuatilia kisa hicho, na jibu lilitoka katika maabara za nje ya nchi.

Wanasayansi wanatengeneza kipimo kinachoweza kufupisha safari hiyo. Ni kipande cha plastiki chenye mistari ya kaboni, kimepakwa mirija ya nano ya kaboni, ambayo Mjapani Sumio Iijima aliieleza mwaka 1991. Mirija hiyo ni myembamba kuliko unywele mara maelfu. Kidonge kinasagwa, kinayeyushwa, tone moja linawekwa juu, kisha umeme mdogo unapitishwa. Dawa nyingi hujibu, kila moja kwa volti yake, na jibu likiwa na nguvu, dawa ni nyingi. Mirija inapitisha umeme vizuri, tena ina uso mpana, kwa hiyo hata dawa kidogo inaonekana. Parasetamoli imepimwa hivyo mara nyingi.

Kipimo hiki si mganga wa kienyeji anayejua yote. Kilichotengenezwa kwa diazepam kitasema haimo. Hakitasema lazima kilichowekwa badala yake ni nini. Unga unaochanganywa katika kidonge nao unaweza kukivuruga. Vingi bado viko maabarani.

Lakini kwa Kindu, ambako dawa zinafika kwa ndege, reli au mtumbwi na umeme ni wa shida, chombo cha betri kinafaa kuliko mashine kubwa. Kingeshikwa kwanza na mkaguzi kwenye depo, kabla katoni hazijafunguliwa.

Kwa sasa, anayepinda shingo baada ya kumeza kidonge asitupe pakiti. Aende nayo hospitalini.