Macho yanayowasha: kuondoa wekundu si kupona



Kila kipwa, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, hewa ya Haut-Katanga na Lualaba inakauka na mavumbi mekundu yanaingia kila mahali. Ndipo tunasikia watu wakisema: «Macho yananiwasha, ni kama kuna mchanga ndani.» Wengine wanasema machozi yanatoka bila kulia. Mara nyingi hayo yote mawili ni ugonjwa mmoja: ukavu wa macho.

Machozi yanafanya kazi gani?

Machozi siyo maji tu. Ndani yake kuna ute unaoshika jichoni, kuna maji, na juu kuna mafuta kidogo. Mafuta hayo yanatoka katika vitundu vidogo kwenye ukingo wa kope, na yanazuia maji yasikauke upesi. Kila tunapopepesa, machozi yanatandazwa upya. Vitundu vikiziba, jicho linakauka na kuuma. Likiuma, linamwaga maji mengi yasiyokaa. Ndiyo sababu jicho kavu linaweza kutiririka machozi.

Dereva wa lori anayekaza macho barabarani, mtumikaji wa mahali pa kusaga mawe, karani mbele ya kompyuta, mama anayepulizia moto wa mbabula, mvuta tumbako: wote wanaweza kuupata. Umri nao unauongeza, zaidi kwa wanawake waliokwisha kukoma damu ya mwezi.

Hatari ya chupa ya sokoni

Mtu ananunua matone bila kuuliza munganga. Siku ya pili macho ni meupe, anafurahi, anamgawia jirani. Lakini matone ya kuondoa wekundu hayaondoi ukavu. Ukiyaacha, wekundu unaweza kurudi zaidi. Yenye kortizoni ni hatari kubwa. Yakitumiwa majuma mengi bila kupimwa, yanaweza kuleta mtoto wa jicho, tena yanaweza kupandisha msukumo ndani ya jicho na kuharibu mshipa wa kuona. Jambo hilo linakwenda kimya, bila maumivu, na uwezo wa kuona uliopotea hivyo haurudi.

Njia ya kupata nafuu inayodumu

1. Vaa mawani ya kazi yanayofunika mpaka pembeni. Katika gari, geuza hewa ya baridi isipulize usoni.

2. Kila jioni nawa mikono, chovya kitambaa safi katika maji ya moto yasiyounguza, ukiweke juu ya macho yaliyofungwa dakika 5 mpaka 10. Kikipoa, kichovye tena. Kisha kanda kope polepole kuelekea kwenye ukingo, upate kufungua vitundu vya mafuta. Usiache baada ya siku mbili. Matokeo yanaonekana baada ya majuma kadhaa.

3. Ukikaza macho kazini, kumbuka kupepesa. Kila dakika 20 tazama mbali kidogo.

4. Omba lopitalo machozi ya bandia. Ukihitaji kuyatia zaidi ya mara 4 kwa siku, uliza yale yasiyo na dawa ya kuhifadhi. Chupa moja ni ya mtu mmoja.

5. Usitie jichoni maji ya majani, mkojo wala maziwa ya mama. Vinaweza kuleta vidonda.

Usingoje

Maumivu makali, kuona ukungu, usaha, doa jeupe juu ya jicho, au kipande cha chuma kilichoingia: kimbia lopitalo siku ileile. Asidi au chokaa ikikurukia, osha jicho palepale kwa maji mengi, si chini ya dakika 15, ndipo upelekwe kwa munganga.

Na watoto?

Kwa mtoto, macho makavu yasiyoona vizuri magharibi yanaweza kuonyesha upungufu wa vitamini A. Mpeleke upesi, maana anaweza kupofuka. Kwa kumkinga, mpe sombe kwa mafuta mekundu ya ngazi, lengalenga, matembele, papai na maembe.

Ndugu, mashine ikikauka hatupaki rangi juu yake; tunatafuta kwa nini mafuta hayafiki. Tufanye vilevile kwa macho yetu.