TUSHANGILIE AU TUNGOJE MKOJO?

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jambo ambalo linawatatiza wengi wetu tunapotazama mashindano makubwa ya riadha. Je, mtu akivuka utepe wa kwanza, ameshinda? Zamani jibu lilikuwa rahisi. Siku hizi mshindi huvuka utepe, akajitanda bendera, akapigiwa wimbo wa taifa machozi yakimtoka, na wakati huohuo chupa mbili ndogo za mkojo wake ziko njiani kwenda maabara. Chupa hizo ndizo zenye neno la mwisho, na neno lenyewe laweza kuchukua miaka.

Nililifikiria jambo hili sana mnamo Septemba 2025, wakati wa Mashindano ya Dunia ya Riadha kule Tokyo, Japani. Jumapili ya mwisho, tarehe 21, tulikuwa tumejazana bwaloni mbele ya runinga baada ya chakula cha mchana. Katika fainali ya mita 800 Lilian Odira alichomoka mwishoni, akampita bingwa wa Olimpiki Keely Hodgkinson wa Uingereza, akashinda kwa dakika 1 na sekunde 54.62. Wee! Bwalo lilitaka kupasuka. Sahani na vijiko viligeuka ngoma. Mashindano yalipokwisha Kenya ilikuwa na dhahabu 7, ya pili duniani nyuma ya Marekani. Jioni tukiwa bado tunazihesabu dhahabu hizo moja moja, mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne akasema kwa sauti ya kizee, "Msijichoshe bure. Ngojeni mkojo."

Wengine walicheka, wengine wakamzomea. Mimi nilinyamaza, maana nilijua maneno hayo yametoka wapi. Miezi miwili tu kabla ya hapo, Julai 2025, Ruth Chepngetich alikuwa amesimamishwa. Huyu ndiye aliyekimbia marathoni ya Chicago tarehe 13 Oktoba 2024 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Rekodi ya Tigst Assefa wa Ethiopia aliikata kwa karibu dakika 2 nzima. Palepale Chicago mwandishi wa habari alimuuliza kuhusu watu wanaoshuku, na Wakenya wengi tukakasirika, ati tunaonewa wivu. Kisha sampuli aliyotoa Machi 2025 ikapatikana na dawa iitwayo haidroklorothaiazaidi. Oktoba 2025 alifungiwa miaka 3, baada ya kukiri kosa. Rekodi ya Chicago haikufutwa, kwa kuwa ilitangulia sampuli hiyo. Sasa iko vitabuni, na kila mtu aisome apendavyo.

Kabla ya kuendelea nieleze neno. Vitu hivi tunaviita pufya, na watangazaji wengine husema dawa za kututumua misuli. Jina hili la pili, kwa maoni yangu, linapotosha. Ni kweli kwamba Ben Johnson wa Kanada, aliyeshinda mita 100 kwa sekunde 9.79 huko Seoul mwaka 1988 na kunyang'anywa dhahabu siku 3 baadaye, alitumia stanozololi, ambayo hujenga misuli. Lakini wakimbiaji wa mbio ndefu hawataki misuli mikubwa; wataibebea wapi kilomita 42? Wanachotaka ni damu.

Katika miili yetu sote figo hutengeneza homoni iitwayo EPO. Kazi yake ni kuuamuru uboho wa mifupa utoe chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi miguuni. Madaktari walipopata njia ya kuitengeneza kiwandani, iliwaokoa wagonjwa wengi wa figo. Mkimbiaji mzima akijidunga dawa hiyohiyo, damu yake hubeba oksijeni nyingi kuliko alivyojaliwa, na pale ambapo wenzake wanaanza kuhema yeye bado anacheka. Hatari ni kwamba damu huwa nzito kama uji na moyo hupata taabu kuisukuma. Ile haidroklorothaiazaidi nayo ni dawa ya shinikizo la damu. Humfanya mtu akojoe sana, hivyo mkojo unakuwa mwepesi na kitu kingine kilichomo kinaweza kufichika. Ndiyo sababu imepigwa marufuku.

Tuzirudie zile chupa. Mkimbiaji aliyechaguliwa kupimwa hufuatwa na afisa tangu anapomaliza mbio, wala hamwachi hata aende wapi. Katika chumba cha vipimo huchagua mwenyewe chombo, kisha hukojoa afisa wa jinsia yake akiangalia. Naona haya kuyaandika haya katika jarida la shule, lakini ndivyo ilivyo, kwani wako waliowahi kuficha mkojo wa mtu mwingine nguoni. Zinatakiwa mililita 90. Kwa mtu aliyemaliza marathoni na maji yote yamemtoka kwa jasho, si mchezo. Wengine hukaa kwa muda mrefu wakinywa maji na kungoja. Mkojo hugawanywa katika chupa A na chupa B, zikaandikwa nambari pasipo jina, zikafungwa kwa vifuniko visivyoweza kufunguliwa bila kuvunjwa. (Ndivyo tulivyoambiwa, mpaka mwaka 2016 ilipofichuliwa kwamba Warusi walizifungua kisirisiri usiku huko Sochi mwaka 2014 na kubadilisha mkojo!) Maabara hupima chupa A. Ikionekana na kasoro, mwanariadha ana haki ya kudai chupa B ifunguliwe naye akishuhudia.

Vipimo vya siku ya mashindano havitoshi. Mtu anaweza kujidunga akiwa mazoezini, akaacha mapema, akafika uwanjani mkojo wake ukiwa safi ilhali faida ingali mwilini. Kwa hiyo wanariadha wakubwa hutakiwa kueleza kila siku watakuwa wapi kwa muda wa saa moja waliyoichagua. Mpimaji anaweza kubisha mlango alfajiri bila hodi ya jana yake. Wakikosa mara 3 katika miezi 12, hilo ni kosa hata kama damu yao ni safi. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alifungiwa miaka 4 mwaka 2020 kwa kutopatikana na kwa kutoa maelezo ya uongo. Hakupatikana na dawa yoyote. Hata shujaa wetu John Ngugi, bingwa wa mbio za nyika za dunia mara 5, alifungiwa mwaka 1993 kwa kukataa kumpa mkojo mpimaji aliyemjia nyumbani, ingawa baadaye adhabu ilipunguzwa. Tena tangu mwaka 2009 kuna pasipoti ya damu, ambayo ni kumbukumbu ya vipimo vya damu vya mtu mmoja kwa miaka mingi. Dawa yenyewe isipoonekana, damu inayopanda na kushuka bila sababu humshtaki mwenyewe.

Mbio ambazo zingefaa kufundishwa darasani, kama ningeulizwa, ni mita 1,500 za wanaume za Michezo ya Olimpiki ya Beijing, tarehe 19 Agosti 2008. Rashid Ramzi wa Bahrain alishinda. Asbel Kiprop wetu, kijana wa miaka 19, akawa wa pili, Nick Willis wa New Zealand wa tatu, na Mehdi Baala wa Ufaransa wa nne. Ramzi alipimwa na hakuonekana na kitu. Nishani zikatolewa, watu wakaenda zao.

Kumbe kulikuwa na aina mpya ya EPO iitwayo CERA, inayokaa mwilini kwa muda mrefu, na maabara ya Beijing haikuwa na njia ya kuitambua. Chupa ziliwekwa akiba. Mapema mwaka 2009 zilitolewa zikapimwa upya kwa mbinu mpya, na CERA ya Ramzi ikaonekana. Novemba 2009 alivuliwa dhahabu, akapewa Kiprop. Willis akapanda hadi fedha na Baala akapata shaba. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini Kiprop hakuwahi kusimama kileleni pale Beijing huku uwanja mzima ukitazama, na hilo hakuna kamati inayoweza kulirudisha.

Laiti kisa kingeishia hapo. Kiprop aliendelea kuwa bingwa wa dunia mara 3, mwaka 2011, 2013 na 2015. Kisha Novemba 2017 wapimaji walimtembelea Iten, na sampuli yake ikapatikana na EPO. Alikana na anakana. Alisema alijulishwa mapema kwamba wapimaji wanakuja, na kwamba aliwapa pesa. Wakuu wa riadha walikubali kwamba kweli alipewa habari mapema, jambo ambalo ni kinyume cha kanuni, ila wakasema hilo haliwezi kutia EPO ndani ya mkojo. Mwaka 2019 alifungiwa miaka 4. Dhahabu ya Beijing bado ni yake. Basi mbio zile moja zinatuonyesha mtu aliyeibiwa ushindi kwa pufya, kisha mtu huyohuyo akahukumiwa kwa pufya. Anayetaka hadithi yenye mtu mbaya hapa na mtu mwema pale, aitafute kwingine.

Kisa cha Rio de Janeiro ni kinyume chake. Tarehe 14 Agosti 2016 Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki. Februari 2017 alipatikana na EPO, akafungiwa miaka 4, ikaongezwa hadi 8 alipogunduliwa kuwa alidanganya katika utetezi wake. Nishani ya Rio hakunyang'anywa, kwa kuwa sampuli yenye kosa ilitolewa miezi 6 baada ya mbio. Sheria huhukumu siku iliyothibitishwa, haihukumu siku inayoshukiwa. Inauma, lakini mimi naikubali sheria hiyo, maana tukianza kurudi nyuma kwa kukisia tutaishia wapi?

Hapa ndipo ninapotofautiana na mwenzetu wa "ngojeni mkojo". Shaka yake ina msingi. Wakenya zaidi ya mia moja wamewahi kufungiwa, na mambo yaliharibika hadi serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 kupambana na pufya, tulipokaribia kufungiwa nchi nzima mwaka 2022. Ila shaka inayomwagwa juu ya kila mtu haimgusi mkosaji. Yeye anajua alichofanya na ameshazoea. Inamwumiza yule asiyetumia kitu, anayeamka alfajiri kumfungulia mpimaji, anayeogopa hata kununua dawa ya kikohozi dukani. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote huoza. Huenda ni kweli kwa samaki, lakini watu hupimwa mmoja mmoja, kila mtu na chupa yake.

Ukitaka kujua shaka isiyo na dawa, tazama rekodi aliyoivunja Odira. Muda wa sekunde 54.68 juu ya dakika 1, rekodi ya Mashindano ya Dunia, uliwekwa mwaka 1983 na Jarmila Kratochvílová wa Chekoslovakia. Miaka 42! Rekodi yake nyingine ya dunia, 1:53.28 ya mwaka huohuo, ilikuwa haijaguswa hadi msimu wa 2025 ulipokwisha. Watu wamemshuku maisha yake yote. Hakuwahi kupatikana na kosa, naye amekana daima. Enzi zile hakukuwa na wapimaji wa kubisha mlango alfajiri wala pasipoti ya damu. Kwa hiyo wanaomshuku hawana cha kuonyesha, na kama alikuwa msafi, yeye pia hana. Odira anazo chupa. Zinamlinda yeye kama zinavyotulinda sisi watazamaji.

Kwa hiyo mimi hushangilia papo hapo, kwa nguvu zangu zote, kisha natazama ni nani amekuwa wa nne. Nilijifunza hili kwa Pamela Jelimo. Katika mita 800 za London mwaka 2012 alimaliza wa nne akatoka uwanjani mikono mitupu. Mshindi, Mariya Savinova wa Urusi, alivuliwa dhahabu mwaka 2017, na Jelimo akapandishwa kwenye orodha ya wenye nishani. Miaka 5 ilikuwa imepita, na kamera zote zilikuwa zimekwishazimwa.

Sampuli za Tokyo zinaweza kupimwa upya hadi mwaka 2035. Wakati huo wa Kidato cha Pili watakuwa watu wazima wenye kazi zao, na pengine runinga ya bwalo itakuwa imetengenezwa ile sauti inayokwaruza. Mwenye maoni tofauti na yangu, hasa yule bwana wa Kidato cha Nne, kalamu anayo na mhariri anapokea makala.