Kariakoo Nayo Ina Ukongwe Wake

Mzanzibari ashukaye botini Dar es Salaam, akielekea Kariakoo kununua bidhaa, hupita karibu na historia ya kwao. Boma Kongwe lililo mkabala na bandari lilijengwa kati ya 1866 na 1867 katika enzi ya Seyyid Majid, Sultani wa Unguja aliyeuanzisha mji ule. Ajabu ni kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863 tu. Boma lilichelewa kuzaliwa kwa miaka michache! Jengo lililokuja baadaye hulindwa pale Serikali inapolitangaza, na macho ya watangazaji, twaona, yameelekea zaidi kwenye kuta nene za pwani.

Kariakoo haina kuta nene. Jina lake lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nyumba yake ya asili ni ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, mbele baraza, nyuma ua wenye jiko na choo. Ilijengwa kwa miti na udongo, ikapakwa chokaa. Wageni kutoka visiwani na bara wakapanga chumba kimojakimoja humo, wakawa wenyeji. Ni Kariakoo hiyohiyo ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Nyumba hizo zimekuwa zikivunjwa moja baada ya moja kupisha maghorofa, wala hatuthubutu kuwalaumu wenyewe. Nyumba ya urithi ina warithi kumi, na kodi ya vyumba sita haifui dafu mbele ya kodi ya fremu za maduka. Tajiri akija na ahadi ya ghorofa na sehemu ya kila mrithi, nani atakayekataa kwa ajili ya baraza?

Hapo ndipo penye kazi ya sheria ndogo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 yaipa halmashauri uwezo wa kuzitunga, nayo yataka wakazi wajulishwe kwanza ili wenye pingamizi walitoe kabla Waziri hajaridhia. Lakini tangazo lililobandikwa ubaoni si mashauriano. Maofisa wa Jiji na waende mitaani, wakae barazani jioni pamoja na warithi, wapangaji na wenye maduka, waulize ni nyumba zipi zihifadhiwe na mwenye nyumba atafidiwaje. Pengine apunguziwe kodi ya majengo. Pengine aruhusiwe kupandisha ghorofa uani, mradi uso wa nyumba na baraza vibaki. Sheria imkatazayo mtu kuvunja bila kumpa cha kutengenezea huifanya nyumba iachwe ianguke yenyewe.

Sisi wa visiwani twalijua hilo kwa uchungu. Mji Mkongwe una mamlaka yake tangu 1985, ukaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu wawili. Na ghorofa nazo zina vilio vyake: jengo lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya ishirini. Mkaguzi wa majengo atahitajika kwa nyumba ya chokaa na kwa ghorofa vilevile.

Kwamba Serikali yaweza kuhifadhi ikitaka, soko lenyewe ni shahidi. Jengo alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, na uamuzi ukawa kulikarabati badala ya kulibomoa. Nyumba za vyumba sita zinazolizunguka hazijapata mtetezi wa namna hiyo. Jiji laweza kuanza na mtaa mmoja: orodha ya nyumba zilizosalia, majina ya warithi, na mkutano mmoja wa hadhara kabla ya kibali kijacho cha kuvunja kutiwa saini.