Fedha Zimetoka, Jawabu Halijafika

Akina mama wengi nchini Kenya wanaijua adha hii. Gesi imekwisha na ugali haujaiva. Mama anaagiza mtungi mwingine. Punde kisanduku kinatokea juu ya kioo cha simu kikimtaka athibitishe malipo ya shilingi 1,200, naye anabonyeza namba yake ya siri. Haipiti dakika moja, ujumbe wa M-Pesa unaingia: fedha zimetoka. Lakini mwuzaji anatazama kompyuta yake na kusema, "Mama, hapa sioni kitu. Hebu lipa tena." Hapo ugomvi huanza, kila mmoja akimwona mwenziwe mwongo. Kumbe mara nyingi wote wawili husema kweli.

Ili kulifahamu jambo hilo, yafaa kwanza kujua kwamba malipo hayo hayafanyiki ndani ya kompyuta ya duka. M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka 2017 kampuni ya Safaricom ilifungua njia iitwayo Daraja, ambayo kompyuta za wafanya biashara huipitia kuzungumza na mitambo ya kampuni hiyo. Katika lugha ya ufundi, kompyuta inayoomba huitwa mteja, na ile ya mbali inayohudumia huitwa seva. Msomaji asichanganyikiwe: mteja hapa si mama mwenye mtungi, bali ni kompyuta ya duka.

Kompyuta hiyo hupeleka ombi lenye namba ya simu ya mama, kiasi cha fedha, na anwani ya kurudishia jawabu. Seva haiwezi kusema papo hapo kama fedha zimelipwa, kwa sababu huenda mama anatafuta miwani yake, au ameisahau namba ya siri. Kumweka mwombaji akingoja muda wote huo ni kupoteza nguvu za mashine, maana maombi huja kwa maelfu. Kwa hiyo seva hulipokea ombi, hulipa namba ya kumbukumbu, na kukata mazungumzo. Jambo likiisha kuamuliwa, mambo hugeuka: aliyekuwa akiitwa ndiye sasa anayeita, na seva huifuata kompyuta ya duka kwenye anwani iliyoachwa.

Ni kama kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani. Mwenye nguo aweza kwenda kila asubuhi kuuliza, "Tayari?", akamsumbua fundi na kuichosha miguu yake. Au aweza kumwelekeza nyumbani kwake, naye fundi amtume kijana nguo ikiwa tayari. Njia ya pili ni bora, ila yataka nyumba ielekezwe sawasawa, na kijana akibisha hodi akute mtu wa kumfungulia. Kompyuta iliyofichwa nyuma ya ukuta wa ulinzi wa ofisi yaweza kuwaita wengine, lakini haiitiki ikiitwa kutoka nje. Ndiyo sababu Daraja hutaka anwani inayofikika hadharani kwenye intaneti.

Hapa pana mtego ambao waandishi wengi wa programu hunaswa nao. Ombi linapopokelewa tu, seva hurudisha tarakimu 0. Sifuri hiyo maana yake ni kwamba ombi limefika salama, basi. Baadaye, katika jawabu lenyewe, huja tarakimu nyingine: 0 ikiwa fedha zimelipwa, 1 ikiwa salio halitoshi, 1032 ikiwa mwenye simu amekataa mwenyewe, na 1037 ikiwa simu haikufikiwa au mwenyewe hakujibu. Mwandishi wa programu aliyeichukua sifuri ya kwanza kuwa ndiyo ya pili atatoa mitungi ya bure mpaka duka lifilisike. Hizo ni sifuri mbili zenye sura moja na maana mbali mbali, na si haki kumlaumu mgeni anayejikwaa hapo.

Hatari iliyo kinyume chake ndiyo inayompata mama wetu. Seva imeita, lakini wakati huo umeme wa duka umekatika, au kompyuta yake imezimwa itengenezwe, au anwani ilibadilishwa juzi na hakuna aliyearifiwa. Fedha zimekwenda, habari haikufika. Tatizo hili ni la zamani kuliko simu za mkononi. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa kampuni ya Xerox huko Marekani, Andrew Birrell na Bruce Nelson, walieleza jinsi walivyounda mitambo ya kuagizana kazi kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Walikiri waziwazi kwamba mazungumzo yakikatika katikati, kazi huenda imefanyika mara moja au haikufanyika kabisa, na mwombaji haambiwi ni lipi kati ya hayo.

Basi ukimya si kukubali wala kukataa. Programu iliyoandikwa vema haikai ikisubiri hodi milele. Baada ya muda huiuliza seva yenyewe, kwa ile namba ya kumbukumbu, hali ya ombi ikoje. Hutambua pia jawabu lililokuja mara mbili, isije ikahesabu mitungi miwili kwa malipo ya mmoja. Kadhalika haimwamini kila abishaye. Mlango uliofunguliwa hadharani hata mwizi aweza kuubisha na kusema, "Fedha zimelipwa". Hapana budi habari hiyo ilinganishwe na ile ya seva kabla mtungi haujatoka.

Kwa upande wa mama, neno kubwa ni moja: asilipe tena kwa haraka. Ombi la pili kwa mitambo ni malipo mapya kabisa, si marudio ya lile la kwanza. Ujumbe wa M-Pesa una namba ya stakabadhi yenye herufi na tarakimu 10. Amsomee mwuzaji namba hiyo, naye aitafute katika taarifa ya hesabu yake ya M-Pesa, si katika kompyuta ya duka ambayo ndiyo iliyokosa habari. Kazi hiyo ni ya mwuzaji, ijapokuwa wengi hupenda kumtwika mnunuzi.

Ikiwa mama amekwisha kulipa mara mbili, duka laweza kupeleka kwenye Daraja ombi la kurudisha malipo. Ombi hilo nalo huachiwa anwani ya kurudishia jawabu, na duka hungoja tena kuitwa.