Thor, Shing'weng'we na sikio la bibi kizee: hadithi ya kale inavyogeuka hadithi ya sayansi

Ukipita jioni kwenye kibanda umiza kando ya ziwa, iwe Mwanza mjini, Nansio au kwenye mwalo wowote wenye jenereta, si ajabu ukute vijana wamejaa wakimtazama Thor akirusha nyundo yake. Msimuliaji anaingiza Kiswahili juu ya sauti ya filamu, watoto wanashangilia, na kila mmoja anajua ni nani anayeweza kuinyanyua nyundo ile na nani hawezi.

Sasa waulize vijana haohao: Shing'weng'we alikuwa nani? Wapo watakaokujibu vizuri. Wapo pia watakaokuambia kwamba jina wamelisikia kwa bibi, lakini hadithi yenyewe hawakumbuki iliishaje.

Makala haya hayaji kuwalaumu. Yanakuja kueleza jambo moja ambalo pengine hukulifikiria: Thor naye ni hadithi ya bibi, ila ni bibi wa watu wengine. Imefikaje kwenye skrini ikiwa imejaa vyombo vya angani? Na sisi tukitaka kufanya hivyo kwa Shing'weng'we, tunahitaji nini kwanza?

Thor alitoka wapi

Zamani, watu wa kaskazini ya Ulaya, yaani Norway, Sweden, Denmark na Iceland, waliabudu miungu mingi. Mkubwa wao aliitwa Odin, aliyelitoa jicho lake moja ili apate hekima. Thor, mwanawe, alikuwa mungu wa radi. Mpaka leo jina la Alhamisi kwa Kiingereza linatokana na jina la Thor.

Hilo la radi si geni kwetu. Wahaya wa upande wa pili wa ziwa walimjua Mugasha, mwenye ziwa, mvua na dhoruba. Mvuvi wa dagaa anayekesha majini na taa zake anaelewa kwa nini watu wa kale, huku na kule, walitaka kumpa jina yule anayenguruma juu ya maji usiku.

Watu wa kaskazini waliamini pia kwamba dunia itafika mwisho, na siku hiyo waliiita Ragnarök. Mbwa mwitu mkubwa aitwaye Fenrir atammeza Odin. Nyoka anayeizunguka dunia atapigana na Thor, na wote wawili watakufa. Moto utateketeza kila kitu. Lakini watu wawili, mwanamume na mwanamke, watakuwa wamejificha msituni, na kutoka kwao dunia itaanza upya.

Hadithi hizi zilikaribia kupotea. Iceland ilipokea Ukristo karibu mwaka 1000, na taratibu watu wakaacha kuzisimulia kama zamani. Karibu mwaka 1220, Snorri Sturluson, msomi na mwanasiasa wa huko, alikaa akaziandika katika kitabu. Alikuwa Mkristo, hakuiabudu miungu hiyo. Lakini aliona kwamba vijana wasiojua hadithi za kale hawataweza hata kuyaelewa mashairi ya wazee wao. Leo mengi tunayoyajua kuhusu Thor yanatoka katika kitabu hicho na katika mashairi ya kale yaliyoandikwa Iceland karne hiyohiyo.

Radi ilipogeuka sayansi

Mwaka 1962, kampuni ya Marvel ya Marekani ilimwingiza Thor katika vitabu vya katuni. Filamu yake ya kwanza kubwa ilitoka mwaka 2011, na ile iliyobeba jina la Ragnarök ikatoka mwaka 2017.

Angalia walichofanya. Katika filamu hizo miungu si miungu tena. Ni viumbe kutoka sehemu nyingine ya anga, wanaoishi miaka mingi kuliko sisi na wenye ujuzi uliotupita mbali. Upinde wa mvua, ambao zamani ulikuwa daraja la miungu, umekuwa njia ya kusafiri kati ya sayari kwa kufumba na kufumbua. Mambo ambayo wazee waliyaita uchawi, filamu inayaita sayansi ambayo sisi bado hatujaifikia.

Hiyo ndiyo bunilizi ya kisayansi. Ni hadithi ya kubuni inayoanza na swali "je, ingekuwaje kama?", kisha inalijibu kwa mambo yanayofanana na sayansi: mashine, maradhi, sayari, mbegu, nyuklia. Ngano hujibu swali hilohilo kwa kutumia zimwi, mungu au mnyama anayesema. Ndiyo maana aina hizi mbili za hadithi hupatana kwa urahisi.

Mtu wa Ukerewe alishalifanya

Usidhani kazi hii ni ya Wamarekani peke yao. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe. Wengi wanamjua kwa Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971. Lakini mwaka 1990 alitoa Nagona, na mwaka 1991 akatoa Mzingile, vitabu vifupi ambavyo viliwashangaza wasomaji.

Katika Mzingile kuna mzee wa ajabu, kuna safari ndefu ya kumtafuta, kuna mambo yanayofanana kabisa na ngano za jioni. Kisha, katikati ya ngano hiyo, unakutana na maangamizi ya nyuklia. Dunia inateketea, na swali linakuwa: mwanadamu aliyebaki aanzie wapi? Ni swali lilelile la Ragnarök, lakini limeulizwa kwa Kiswahili, na mwana wa Ziwa Victoria, katika kizazi kilichokua kikisikia habari za mabomu ya nyuklia ya mataifa makubwa. Kezilahabi alifariki Januari 2020.

Majirani zetu Kenya nao wamejaribu. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya dakika kama 20. Inaonyesha Afrika Mashariki baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na jasho lao linachujwa ili walinywe tena. Msichana mmoja anapata udongo wenye unyevu, anaotesha mbegu, kisha anatoroka kwenda kuupanda mche jangwani. Mti mmoja unaobeba uhai wa dunia nzima ni jambo la kale sana. Watu wa akina Thor walikuwa nao, na jamii nyingi za Afrika zinao. Kahiu aliutia tu ndani ya dunia isiyo na maji.

Sasa tumlete Shing'weng'we

Hadithi ya Wasukuma inasimuliwa kwa namna nyingi, lakini mifupa yake ni hii.

Zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote na mifugo yote. Alibaki mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, jina lake Masala Kulangwa. Masala kwa Kisukuma ni akili.

Mtoto alipokua akauliza: "Mama, mbona tuko wawili tu? Wengine wako wapi?" Mama akamweleza. Tangu siku hiyo kijana akaanza kulitafuta zimwi. Siku moja akarudi akiimba kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama akatazama, akaona ni panzi. Akamwambia, mwanangu, huyu ni panzi, tumkaange tule. Siku nyingine akaleta ndege. Siku nyingine swala. Kila mara mama anamwambia, bado.

Mwishowe akakutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua. Wakatoka baba yake, ndugu, majirani na ng'ombe. Lakini wakati anapasua, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa humo ndani. Bibi akakasirika sana, akataka hata kumdhuru. Kijana akatafuta dawa, akamtibu sikio lake. Ndipo watu wakamfanya mtemi.

Hadithi hii ina ndugu zake mbali. Wasotho wa Lesotho wanalo zimwi Kholumolumo lililomeza watu, na kijana Senkatana aliyewakomboa. Mwaka 2020 wanasayansi walipompa jina rasmi dinosaria aliyefukuliwa huko Lesotho, walimwita Kholumolumo. Kwa hiyo zimwi la bibi limeshaingia katika vitabu vya sayansi.

Zimwi la leo lina sura gani?

Kijana wa Magu au Sengerema akitaka kuandika Shing'weng'we wa kisayansi, njia ya haraka ni kumvisha zimwi chuma, ampe macho ya taa nyekundu, amshushe kutoka angani. Itafurahisha dakika tano. Lakini hapo atakuwa amebadilisha nguo tu.

Njia nzuri ni kuuliza: ni kitu gani kwetu hapa kinameza kila kitu?

Anayeishi kando ya ziwa hahitaji kwenda mbali. Gugu maji lilipoingia Ziwa Victoria kuelekea mwaka 1990, lilifunga mialo, likazuia mitumbwi, likaziba njia za maji. Mmea wenye ua zuri ukameza ufukwe. Na lilipunguzwaje? Njia mojawapo, katika miaka ya 1990, ilikuwa kuachia wadudu wadogo jamii ya fukusi wanaokula majani ya gugu hilo, huku mabuu yao yakitoboa mashina. Mdudu mdogo kama punje akalishinda zimwi linaloelea. Huyo ni Masala Kulangwa mtupu, na hakuna aliyembuni.

Au mchukue sangara. Alipandikizwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960 ili avuliwe na kuliwa, na kweli alileta viwanda vya minofu Mwanza, ajira na fedha za kigeni. Lakini alipoongezeka katika miaka ya 1980, alimeza furu. Ziwa lilikuwa na mamia ya aina za furu, nyingine hazipatikani popote pengine duniani. Aina nyingi zilipotea. Je, sangara ni mkombozi au ni Shing'weng'we? Familia iliyosomesha watoto kwa sangara itakujibu hivi, na mzee aliyekula furu utotoni atakujibu vingine. Hadithi nzuri ya kisayansi huanzia hapo, mahali ambapo jibu ni gumu.

Usiliache sikio

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la makala haya. Mtu anayeikumbuka hadithi nusunusu atakuambia: zimwi lilimeza watu, kijana akaliua, watu wakatoka, mwisho. Sikio la bibi ataliacha, kwa sababu linaonekana ni jambo dogo.

Kumbe ndilo lenye uzito. Wazee walijua kwamba hata mkombozi hukata mtu. Ukileta samaki mpya ziwani, kuna sikio linakatwa. Ukijenga mgodi, ukileta dawa mpya ya kuua wadudu wa pamba, ukileta mashine inayofanya kazi ya watu kumi, kuna bibi kizee humo ndani ambaye hukumwona. Nao hawakuishia kumlaumu kijana. Walisema atafute dawa, amtibu, ndipo awe mtemi. Swali hilo wanasayansi wa leo wanaulizana kila siku, na mababu zetu walishaliweka kwenye hadithi ya watoto.

Na panzi naye asiachwe. Mama anayesema "bado, huyu si yeye" anafundisha kazi ya utafiti: jaribu, pima, kosea, rudi tena.

Ukipoteza vipande hivi, hutaweza kumfanya Shing'weng'we awe hadithi ya sayansi hata ukipewa kamera za Marekani. Utabaki na zimwi na kisu.

Snorri wetu

Ukerewe ilikuwa na mtu wa kufananishwa na yule mwandishi wa Iceland. Aniceti Kitereza aliona maisha ya Wakerewe wa zamani yanasahaulika. Akaandika kitabu kirefu kwa Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakimaliza mwaka 1945. Hakukipatia mchapishaji kwa miaka mingi. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na toleo hilo likachapwa mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981. Alisubiri miaka 35, lakini kilichoandikwa hakikupotea.

Wewe leo huhitaji kusubiri hivyo. Simu uliyoishika ukisoma haya ina kinasa sauti. Zamani Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambako wazee waliwafundisha vijana. Shikome nyingi zimezimika, lakini waliozikalia bado wapo.

Basi jioni moja nenda kwa bibi au babu, umwamkie, umwombe ruhusa ya kumrekodi. Mwache asimulie kwa lugha yake, Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kizinza, na asiharakishwe kwenda Kiswahili. Akiimba, rekodi wimbo pia. Mwisho taja jina lake, kijiji na tarehe, kisha mpe mtu mwingine nakala, kwa sababu simu huanguka majini.

Na akifika kwenye kipande kinachoonekana hakina maana, usimkatize. Huenda hapo ndipo sikio lilipo.