Motere inachemuka kwenye mlima wa Ngomo: kwa nini, na shofere afanye nini

Mwenye kusafiri mara kwa mara kati ya Uvira na Bukavu ameisha ona hii: gari imesimama kando ya barabara kwenye mlima wa Ngomo, kapo iko wazi, mvuke unapanda, abiria wameshuka, na kijana mmoja anakuja mbio na bidoni ya maji. Kivu ya Kaskazini ni vilevile kwenye mlima wa Kabasha, ukitoka Rwindi kupanda Kanyabayonga. Watu wanasema mlima njo unaua motere. Lakini mara nyingi gari ilifika pale tayari ikiwa mgonjwa. Mlima umeonyesha tu.

Tuelewe kwanza maji yenyewe. Uvira iko karibu mita 800 juu ya bahari, Bukavu karibu mita 1.500. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka upesi zaidi: Bukavu yanachemka kwa digri 95 hivi, hayangoji 100. Na motere nzima, isiyo na shida yoyote, inatumika karibu na digri 90. Nafasi inayobaki ni digri 5 tu! Kinachotuokoa ni kifuniko cha radiatere, chenye wengi wanaita bushoni. Kiko na risoro, kinafunga maji kwa presha, na kwa presha ile maji yanaweza kupita digri 110 bila kuchemka. Risoro ikichoka, ao mtu akiziba radiatere na kitambaa na kipande cha sasheti (na tunaona hiyo kila siku), presha inapotea, na kilima cha kwanza kinatosha.

Presha hiyohiyo njo inachoma watu. Ukifungua kifuniko wakati motere ingali moto, maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke mara moja na kurukia uso na mikono. Na mwenye kutumwa kufungua ni konvoyeri, mara nyingi kijana mdogo.

Kwa hiyo mshale wa joto ukipita katikati, usingoje ufike kwenye nyekundu. Zima klima, fungua shofaji mpaka mwisho hata kama abiria wanalalamika, kwa sababu inatoa joto kwenye motere. Rudisha vitesi chini. Mshale ukiendelea kupanda, tafuta pahali pazuri, weka jiwe nyuma ya gurudumu, zima motere, fungua kapo peke yake. Ngojea dakika 30 ao 45. Kisha funika kifuniko na kitambaa kinene, zungusha kidogo, acha presha itoke, ndipo ufungue. Maji uyatie polepole, kwani maji baridi kwenye chuma cha moto yanaweza kupasua kulasi. Tunajua kwa nini mashofere hawapendi kungoja: giza linaingia, barabara haina usalama, abiria wanapiga kelele. Lakini ukilazimisha motere bila maji, hata kilomita chache, kulasi inapinda, na gari yenye ilikuwa inalisha familia mbili inalala garaje miezi.

Baadaye, mbele ya kulipa mekanisie, jiulize: inachemuka wakati gani? Kama ni kwenye ambuteyaji ya mji, na inapoa unapotembea mbio, angalia vantilatere, fizibu yake na waya zake. Kama ni kwenye mlima na mzigo peke yake, shaka ni radiatere iliyoziba, kifuniko, ao mkanda wa pompi ya maji unaoteleza. Maji yanapungua na chini kuna matone: ni diriti, radiatere ao pompi. Maji yanapungua na chini ni kukavu? Hapo ogopa. Chomoa joje ya mafuta. Mafuta yakiwa kama kahawa ya maziwa, ao moshi mweupe ukiendelea kutoka nyuma hata motere ikiisha pata moto, ao maji ya radiatere yakitoa mapovu bila kukoma, shaka kubwa ni jwani ya kulasi. Usiendelee na safari.

Kuna dawa moja ya garaje zetu yenye hatuikubali: kutoa termostati na kuitupa, eti huku hakuna baridi ya Ulaya. Bila termostati motere inakawia kupata moto, inakula esanse zaidi, na ugonjwa wa kweli unabaki umefichwa. Kama imekwama ikiwa imefungwa, sawa, itolewe ili mufike nyumbani. Kesho yake iwekwe ingine. Kuipima ni rahisi. Itie ndani ya sufuria ya maji jikoni. Nyingi zinaanza kufunguka kati ya digri 80 na 90, kwa hiyo hata Bukavu inapashwa kufunguka mbele maji hayajachemka. Ikikataa, imekufa.

Na maji ya ziwa? Barabarani tia yenye umepata, motere kwanza. Ila maji ya Kivu na ya Tanganyika yana chumvichumvi inayoganda ndani ya radiatere, sawa ule ugumu mweupe wa ndani ya birika. Kwa kila siku likidi ya radiatere ni bora. Ikikosekana, maji ya mvua yaliyochujwa.

Ukienda kununua kifuniko kipya, soma namba iliyoandikwa juu, kwa mfano 0,9 ao 1,1. Ifanane na ile inayotakiwa kwa gari yako. Kisha finya risoro na kidole gumba: ikilegea, mrudishie muuzaji palepale.