Kabla ya Kuondoka Dodoma: Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayekwenda Kusoma Muhula Mmoja Ughaibuni

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayepata nafasi ya kusoma muhula mmoja ng'ambo, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, aghalabu huanza maandalizi kwa kuuliza habari za hali ya hewa. Swali hilo lina msingi kwa mtu anayetoka uwanda wa kati. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Bergen, mji wa pwani ya magharibi ya Norwei, hupata zaidi ya milimita 2,000. Pepo zenye unyevu kutoka bahari ya Atlantiki hukutana na milima inayouzunguka mji huo, hupanda, hupoa na kumwaga maji yake, mwezi baada ya mwezi. Tumeuchukua mji huo kuwa mfano kwa kuwa Chuo Kikuu cha Bergen kimeshirikiana na vyuo vya Tanzania kwa miaka mingi. Ushauri uliomo humu, hata hivyo, unamfaa pia anayekwenda kwingineko.

Mvua ni tatizo jepesi. Koti na viatu visivyopenyeza maji vinauzwa Bergen kwenyewe, tena vya kuhimili mvua ya huko. Kinachomkwamisha msafiri ni shughuli zisizoweza kufanyika bila yeye mwenyewe kuwapo Tanzania. Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: jambo linalohitaji kidole chako, sahihi yako au uwepo wako, limalize kabla ya safari.

Laini yako ya nyumbani

Tangu mwaka 2019 laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Utaratibu huo humlinda mwenye laini, lakini una matokeo ambayo msafiri hana budi kuyafahamu. Laini ikipotea ukiwa ughaibuni, mzazi au rafiki hawezi kwenda kwa wakala kukuchukulia nyingine, kwa kuwa kidole kinachotakiwa ni chako.

Nayo laini hiyo si ya mazungumzo tu. Ndiyo hupokea namba za uthibitisho kutoka benki, na ndiyo imebeba akaunti yako ya fedha kwa simu. Mwanafunzi anayeipoteza mwezi wa pili wa muhula anaweza kuwa na fedha benki na asiweze kuzigusa. Tunashauri yafuatayo:

1. Piga *106# uhakiki usajili wa laini yako. Ukikuta namba usiyoitambua imesajiliwa kwa kitambulisho chako, nenda kwa mtoa huduma uifute kabla hujaondoka.

2. Mwombe mtoa huduma akufungulie huduma ya kutumia laini nje ya nchi, na umwombe bei kwa maandishi: ya kupokea simu, kupiga simu, kupokea ujumbe mfupi, kutuma ujumbe na kutumia data. Bei hizo hutofautiana sana. Ukishafika, zima matumizi ya data kwa laini ya Tanzania, kwani simu huweza kupakua masasisho ya programu yenyewe na kumaliza salio lako bila wewe kujua.

3. Uliza ni muda gani laini inaweza kukaa bila kutumika kabla ya kufungwa. Laini iliyofungwa huweza kupewa mteja mwingine. Weka salio na uitumie walau mara moja kila mwezi.

4. Safiri na simu inayopokea laini mbili, ili ya nyumbani isichomolewe na kuwekwa mfukoni, mahali ambapo laini nyingi hupotelea.

Wengi hudhani intaneti ya waifai itatosha. Haitoshi. Menyu za fedha zinazofunguliwa kwa nyota na reli hupita katika mtandao wa simu, si katika intaneti. Muulize mtoa huduma kama menyu hizo hufanya kazi ukiwa nje, na kama ana programu ya simu inayoweza kuchukua nafasi yake.

Kwa mazungumzo ya kila siku, nunua laini ya Norwei. Nchi hiyo si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini kanuni ya Umoja iliyoanza Juni 2017 inaihusu: laini yake hutumika katika nchi za Umoja kwa bei ya nyumbani, kwa matumizi ya kiasi. Laini ya Tanzania haimo katika kanuni hiyo.

Ada, mkopo na chumba

Anayekwenda kwa mpango wa Erasmus+ hapaswi kutozwa na chuo kinachompokea ada ya masomo, usajili, mitihani au maktaba. Anaweza kutozwa michango midogo, kama ya bima au ya chama cha wanafunzi, kwa kiwango kilekile wanachotozwa wenyeji. Soma mkataba wa ufadhili kabla ya kutia sahihi, uone fedha zitaingia lini na kwa awamu ngapi, maana gharama za kwanza huweza kutangulia malipo ya kwanza.

Mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu aulize mapema katika ofisi ya mikopo ya chuo chake jinsi atakavyothibitisha malipo ya muhula ambao hatakuwapo.

Kuhusu chumba, sheria ya Norwei inataka fedha za dhamana ya pango ziwekwe katika akaunti maalumu ya benki yenye jina la mpangaji, na zisizidi kodi ya miezi sita. Mtu anayekutaka umtumie dhamana moja kwa moja, kabla hujaona chumba wala mkataba, usimtumie. Anza na makazi yanayopendekezwa na chuo.

Linda waliobaki nyumbani

Matapeli wa "tuma kwa namba hii" hupenda familia yenye kijana aliye mbali. Mzazi aliyeko Kongwa au Mpwapwa akipokea ujumbe kwamba mwanawe amelazwa hospitalini Ulaya na anahitaji fedha upesi, huruma humtangulia kabla ya tahadhari. Kabla ya kuondoka, keti na wazazi mkubaliane mambo matatu: neno la siri ambalo ninyi tu mnalijua, namba moja ambayo fedha zitatumwa, wala si nyingine, na kwamba hakuna fedha itakayotumwa kabla hawajasikia sauti yako na neno hilo. Wafundishe pia kuripoti namba ya tapeli kwa kuituma kwenda 15040.

Wekeni na saa ya kuzungumza. Bergen iko nyuma ya Dodoma kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi. Saa zao hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wakati wa baridi, saa moja usiku ya Dodoma ni saa kumi na moja jioni ya Bergen. Mzazi anayeijua saa ya mwanawe kupiga simu ni vigumu kudanganywa na simu ya saa nyingine.

Ukipata tatizo

Ukitozwa bei tofauti na uliyopewa, lalamika kwanza kwa mtoa huduma, kwa barua pepe, ukiambatanisha bei uliyopewa kwa maandishi, na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika na jibu, lete kwetu lalamiko hilo pamoja na namba hiyo. Malalamiko yanayohusu benki yenyewe hupelekwa Benki Kuu ya Tanzania, baada ya benki husika kupewa nafasi ya kujibu.

Ondoka ukiwa na nakala za bei, mikataba na kitambulisho chako, na uache nakala nyingine nyumbani. Koti utalinunua ukifika.